Fundi Koki na Kebo ya Taifa

Fundi Koki hakuwa na ugomvi na nchi. Ugomvi wake siku zote ulikuwa na maji: maji yanayovuja, maji yanayokataa kupanda ghorofani, maji yanayotoka kwa jirani na kumnunia mteja. Kwa hiyo asubuhi ile alipoinua sururu mbele ya geti la Mama wa Ghorofani, aliyemwita amzikie bomba jipya, hakuwa na nia mbaya na kiumbe chochote cha Mungu. Alikuwa anachimba mtaro, basi. Sururu ikashuka, udongo ukaachia, na chini yake kitu kikalia kwap!

Si bomba. Bomba likikatwa hukutemea maji usoni, na fundi alikuwa mkavu. Akainama. Akaona waya mweusi, mnene kiasi cha kidole chake cha mwisho, umekatika vipande viwili, na kutoka ndani yake nyaya nyingine nyembambanyembamba za kila rangi zinamchungulia. Haukutoa cheche wala moshi. Basi si umeme, akajiambia, maana umeme ungekuwa umeshajitambulisha.

Akatazama huku, akatazama kule. Hakuna aliyemwona. Hapo akafanya kile ambacho fundi bomba wa miaka mingi lazima akifanye, kwa sababu mikono yake haijui kingine: akaukarabati. Akazinyoosha ncha mbili kwa msumeno. Akatoa mfukoni soketi ya nusu inchi, kile kiungio cha mabomba, akaviringisha ile tepu nyeupe ya kuzibia koki, akapaka gundi, akazisukuma ncha mpaka zikabusiana humo ndani, akakaza. Kisha akapitisha kidole chini ya kiungo kuona kama kinavuja. Hakivuji hata tone.

"Kazi safi," akajisemea, akafukia.

Hata mkono hajaufuta vizuri, muuza duka wa ng'ambo ya barabara akatoka nje anaitikisa simu yake juu. "Jamani! Mtandao umekata!" Kinyozi naye akatoka. Mwenye duka la dawa akatoka. Barabara nzima ikajaa watu wazima wameinua simu hewani, wanazungukazunguka. Juu roshani Mama wa Ghorofani akachungulia.

"We fundi! Kwani simu yako ina mtandao?"

Fundi Koki simu yake ilikuwa ya vitufe, na tangu izaliwe haikuwahi kuujua mtandao. Lakini macho yalikuwa yameshamkimbilia kwenye mtaro aliofukia.

"Sijagusa kitu, mama!"

"Ebo! Nimekuuliza simu, sijakuuliza mikono."

*

Nyumbani alikuta hali ni mbaya kuliko barabarani. Mkewe alikuwa msusi, na kibaraza cha nyumba yao ndicho kilichokuwa saluni. Kwa kawaida ukipita hapo utasikia vicheko kuanzia kona ya mtaa. Siku ile mkewe alikuwa amemwacha mteja nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama wima, naye anaibonyeza simu kama anayetaka kuitoboa.

Ni hivi: binti yao mkubwa alikuwa ng'ambo, anafanya kazi ya kulea wazee, na mimba yake ilikuwa imetimia. Mimba ya kwanza. Mumewe yuko kazini melini, hana ndugu wa kumshika mkono. Sasa mama na mwana walikuwa wamewekeana ahadi: uchungu ukianza tu, saa yoyote, binti atapiga simu ya video, nesi atamshikia simu, na mama atakaa naye humo ndani ya kioo mpaka mwisho. Msusi alikuwa ameshajiandaa kwa kila kitu. Bando amenunua, simu hailali bila chaji, hata kitambaa cha kichwa cha kuonekana nacho na madaktari wa watu alikuwa amekipiga pasi.

"Haifunguki," alimwambia mumewe, na sauti yake haikuwa ile ya kibarazani. "Baba watoto, haifunguki kabisa. Na nikipiga ile simu ya kawaida, kuna mwanamke anaongea lugha sijui ya wapi, halafu anakata."

"Itarudi," fundi akasema. "Hitilafu ndogo tu. Itarudi."

"Umejuaje kama ni ndogo?"

Fundi akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu.

Walipokaa kula, redio ikawekwa katikati kama mgeni. Kaka wa msusi naye alikuwepo. Huyo kazi yake hasa ilikuwa haijulikani, lakini mtaani walimwita Mchambuzi, kwa kuwa hakuna jambo chini ya jua ambalo alishindwa kulieleza. Msemaji wa serikali akasafisha koo redioni. Akawaomba wananchi wawe watulivu, hasa kipindi hiki cha uchaguzi. Akasema mtandao umekosekana nchi nzima kutokana na kebo kukatwa. Watu wasiojulikana waliofanya kitendo hicho wanasakwa usiku na mchana, na wakipatikana watajuta kuzaliwa.

Tonge likampalia fundi. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na Mchambuzi akawa anampiga mgongoni huku anaendelea na maelezo.

"Shemeji, wewe mtu wa mabomba utanielewa haraka. Mtandao nao ni bomba. Nchi nzima hii, wakubwa kwa wadogo, inanyonya kwenye mrija mmoja. Ukikatwa ule, kwisha habari yetu. Hata rais saa hizi simu anaitikisa tu."

"Hata rais?" fundi akauliza kwa sauti nyembamba.

"Hata rais! Na huo mrija sasa, usije ukadhani ni kitu kikubwa. Mwembambaaa." Akainua kidole chake cha mwisho. "Hivi."

Fundi akakitazama kile kidole, hamu ya kula ikamwisha.

"Huyo aliyeukata," msusi akasema, akaliweka bakuli chini, "namwomba Mungu amlipe hapahapa duniani. Mkono uliokata upooze! Usingizi aukose! Na kila atakapofungua koki, itoke tope!"

"Mama watoto," fundi akasema, "tope ni kali mno."

"Kwani ni ndugu yako?"

*

Kibarazani palikuwa na maoni mengine. Wateja walikuwa wanaguna.

"Kebo, kebo, kebo gani?" alisema mwanamke mmoja muuza mitumba, kichwa mikononi mwa msusi. "Kebo inayojua tarehe ya uchaguzi? Uchaguzi uliopita ilikatika vilevile, siku ileile, kama ina kalenda."

"Wamezima wenyewe hao," mwingine akadakia. "Wanaogopa watu wasitumiane matokeo."

Wakacheka kile kicheko cha kufunika mdomo. Kwa kweli mtaa mzima, ukiondoa wehu na wachanga, hakuna aliyeimeza ile habari ya kebo. Aliyeiamini redio neno kwa neno alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa ukumbini anasikiliza kupitia dirishani, jasho jembamba linamtoka.

"Lakini kwangu jana iliingia kidogo," muuza mitumba akasema. "Nilipata ujumbe mmoja wa dada yangu, halafu ikakata."

Fundi akachomoza kichwa dirishani. "Iliingia kidogo vipi? Kwa mkondo, au kwa matone?"

Wanawake wote wakageuka.

"Kwa nini?" msusi akauliza.

"Kwa matone, shemeji," muuza mitumba akamjibu akijizuia kucheka. "Kijana wa duka la simu aliniwekea ile programu ya kupenyea..."

Hakusubiri amalizie. Kama inadondoka, inapita. Na kama inapita, basi ni kiungo tu kinachotaka kukazwa! Fundi alibeba koleo na mfuko wake wa vifaa akaondoka mbiombio, roho imemrudi kidogo. Alifukua pale getini, akang'oa ile soketi, akaweka nyingine ya shaba, ya bei, akaifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli na vibanio viwili. Kiungo kile kingehimili maji ya bwawa.

Mama wa Ghorofani akatoka na kanga mabegani, uso umemshuka. "Fundi, bomba si ulimaliza?"

"Nakagua presha, mama."

"Heri wewe unakuja kunitazama." Akaegemea geti. "Watu wamenitupa, fundi. Tangu mambo haya yaanze hakuna hata mmoja anayenibonyezea kengele. Dada yangu alisema angekuja Jumapili, hakuja. Watu wa kikundi chetu hawaji. Nakaa tu huko juu nasikilizia, kimya. Ama kweli, bila simu binadamu huna mtu."

Fundi akajua hata upweke wa huyu mama ni kazi ya mkono wake. Alitaka kumwomba radhi, akaishia kumwambia asitumie maji mengi kwa leo.

Akarudi nyumbani kwa miguu inayoruka. "Mama watoto, hebu jaribu sasa."

Msusi akajaribu. Akamwonyesha kioo. Kale kaduara kalikuwa kanazunguka, kanazunguka, kanazunguka.

*

Siku ya kupiga kura ikapita, watu wakapanga foleni, wakarudi. Mtandao bado. Redio ikasema mafundi wako kazini usiku na mchana kuitafuta sehemu iliyokatwa. Maneno yale yalimchoma fundi kuliko hata yale ya kusakwa. Watu wa watu wanahangaika, wanachimba sijui wapi huko na sijui wapi, kumbe mwenye kuijua sehemu yenyewe amekaa anakunywa chai.

Alimkuta mkewe uani anaosha vitana. Hapakuwa na mteja. Alikuwa anaosha kitana kimoja, anakiweka, anakichukua kilekile anakiosha tena.

"Leo nimeota analia," akasema bila kugeuka. "Nilimwambia, mwanangu, usiogope, mimi nitakuwepo. Mimi ndiye niliyesema hivyo, baba watoto. Yeye hakuniomba. Sasa huenda yuko kitandani huko, anapiga, anapiga, anadhani mama yake amezima simu akalala."

Fundi akasogea karibu. Akavua kofia.

"Mama watoto, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyekata. Kebo. Ni mimi, kwa sururu, pale kwa Mama wa Ghorofani."

Akamweleza yote. Kwap ile, na nyaya za rangi, na watu kutoka madukani. Msusi alisikiliza mdomo wazi, kitana kinachuruza maji mkononi.

"Ukaunganisha?"

"Nikaunganisha."

"Na nini?"

"Soketi ya nusu inchi."

"Soketi!" Akamrushia kitana. Akamrushia na cha pili. Alipoona vitana vimekwisha akavua ndala. "Nchi nzima! Mtoto wangu! Na umekaa hapa unakula! Unaniambia tope kali!" Akampiga ndala ya bega, halafu nguvu zikamwisha, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia. Fundi naye akachuchumaa, akalia. Walilia wote wawili kwa muda pale uani, na kuku wa jirani akipita katikati yao.

"Nakwenda polisi," fundi akasema mwishowe. "Nikawaonyeshe mahali penyewe. Wana mafundi wa kweli wale, watauunga mara moja. Wanifunge, ila umsikie mtoto."

Msusi akamtazama. Mwanaume huyu hata faini ya kuvuka vibaya barabara hakuwahi kupewa. Na alikuwa hatanii.

"Ulikusudia?" akamwuliza.

"Mungu shahidi yangu, nilikuwa nazika bomba."

"Basi nimekusamehe. Mtu hakukusudia, nitamfanyaje?" Akajifuta pua kwa pindo la kanga. "Ila lile la tope silifuti mpaka mtandao urudi."

Akaingia ndani, akamfungia mume wake mzigo wa gerezani: blanketi, sabuni, mswaki, shati la kubadilisha. Mchambuzi alipopewa habari alishauri shemeji yake atoroke kwa kupitia mpaka wa kaskazini. Alipoona hasikilizwi akaomba basi yeye awe msemaji wa familia. Wakamwacha alinde nyumba.

*

Askari wa zamu kaunta alikuwa na sharubu nene, na siku nzima hakuwa amepata jambo la maana. Alipoelewa kilicholetwa mbele yake, akasimama, akakaza mkanda, akapaza sauti kuelekea chumba cha ndani: "Mkuu! Nimemkamata aliyekata kebo!"

"Umenikamata wapi?" fundi akasema. "Si nimekuja mwenyewe?"

"Usibishane na dola!"

Mkuu wa kituo alitoka na kikombe mkononi. Alikuwa mtu wa makamo mwenye mifuko chini ya macho. Akaisikiliza habari yote kuanzia sururu mpaka vibanio, na kadiri ilivyoendelea ndivyo alivyozidi kukosa raha. Fundi alitoa mfukoni kipande cha waya alichokibakiza siku ile alipozinyoosha ncha, akakiweka juu ya kaunta.

"Na ushahidi huu hapa, afande."

Askari wa sharubu akakipigia saluti nusu. Mkuu alikitazama kile kipande, akamtazama msusi na blanketi lake, akaingia ofisini kupiga simu kwa bosi wake. Mlango ulikuwa haufungi vizuri, wakawa wanasikia.

"Ndiyo, mkuu... Amejileta... Hapana, mkuu, hatujamtafuta... Ndiyo, nami nilidhani hatumtafuti." Upande wa pili wa simu kulisikika mtu anacheka mpaka anapaliwa. "Nikimweka mahabusu?... Sawa... Ni kweli, tukimpeleka mahakamani tutatakiwa kuonyesha kebo... Ni kweli, mkuu. Tutaonyesha kebo gani."

Akatoka. Akakohoa.

"Mzee, nenda nyumbani. Si wewe."

"Ni mimi, afande."

"Nakuambia si wewe."

"Sururu yangu hii! Redio imesema watu wasiojulikana. Mimi nimekuja nijulikane."

"Mzee wangu," mkuu akasema, na sasa alikuwa anamsihi, "hebu nielewe. Waya wako ni waya wako. Ule mwingine ni mwingine. Wewe hujaizimia nchi chochote."

"Sasa kazima nani?"

Mkuu wa kituo akageuka, akaanza kuhangaika na ule mlango usiofunga. Askari wa sharubu akapata kazi ya kupanga kalamu. Msusi alimtazama mkuu, akamtazama yule mwenye sharubu, na fundi akaona uso wa mkewe unabadilika polepole, kama mtu anayeanza kuhisi harufu ya kitu kinachoungua jikoni kwa mwingine.

"Twende, baba watoto," akasema.

"Hatujamaliza."

"Wamemaliza wao. Twende."

"Na mzee," mkuu akaita nyuma yao, kwa upole, "hiki kisa usikisimuliesimulie. Hata mimi mke wangu yuko masomoni nje. Hata mimi sijui hali yake."

*

Walirudi kwa njia ya kwa Mama wa Ghorofani, kwa sababu msusi alitaka kuliona hilo shimo kwa macho yake. Fundi akafukua. Msusi akainama, na ustadi wake ukamfanya asitulie: yeye akiona uzi lazima aufuate mpaka mwisho wake. Akauvuta waya upande huu, ukamwongoza kwenye nguzo ya geti. Akautazama upande ule, ukapanda ukutani mwa nyumba na kupotelea kwenye tundu chini ya roshani. Kwenye nguzo, palipoishia waya, palikuwa na kitufe cheupe. Akakibonyeza. Kimya. Akakibonyeza tena.

"Baba watoto."

"Naam."

"Umekata kengele ya mtu."

Fundi alibaki amekodoa macho. Kisha akapiga magoti shimoni, akaing'oa ile soketi ya shaba ya bei, akazisokota nyaya, nyekundu kwa nyekundu, bluu kwa bluu. Msusi akabonyeza. Ndani ya nyumba ikalia ngriiing moja ya kuamsha wafu, na miguu ikasikika inashuka ngazi kwa kishindo.

"Nakuja! Nakuja, jamani, msiondoke!" Mama wa Ghorofani akafungua geti anahema, kanga imeanguka. "Mmekuja kunitembelea?"

"Ndiyo," msusi akasema. Hakuwa na moyo wa kusema vingine. Wakaingia, wakapewa chai. Na kumbe dada mtu Jumapili alikuja, akasimama getini akibonyeza mpaka kidole kikamwuma, akaondoka na hasira zake kwamba amefungiwa mlango.

Ilikuwa wakati wa kunywa ile chai ndipo fundi alipoanza kukasirika. Kwanza alifurahi; alicheka peke yake, akamwomba radhi mama wa watu, akamwahidi kumzikia waya mpya bure. Halafu kicheko kikamkauka. Akaweka kikombe.

"Kwa hiyo yuko mtu," akasema.

"Yuko," mkewe akajibu.

"Amezima tu. Kwa kukusudia. Akaenda kula."

"Akaenda kula."

"Mimi sijalala! Nimekonda! Nimewaonea huruma mafundi wanaochimba usiku na mchana, kumbe hakuna anayechimba! Nimebeba blanketi!" Alikuwa amesimama sasa, na blanketi lenyewe bado liko kwapani.

*

Mtandao ulirudi matokeo yalipokwisha kutangazwa na washindi kuapishwa. Ulirudi asubuhi, kibaraza kimejaa, na simu zote zikalia kwa pamoja mpaka mteja mmoja akaruka na kitana kichwani. Redioni msemaji aliwashukuru wananchi kwa uvumilivu wao, akawapongeza mafundi shupavu waliofanikiwa kuiunganisha kebo. Mchambuzi akasema si nilisema.

Msusi aliingia ndani na simu yake, akafunga mlango. Fundi akakaa kando yake kitandani. Kulikuwa na simu ambazo hazikujibiwa, nyingi, zimepangana moja chini ya nyingine, kisha jumbe za sauti. Wakazisikiliza moja baada ya nyingine, jinsi zilivyokuja.

"Mama, imeanza. Pokea." "Mama, nesi ameshika simu, wewe uko wapi?" Nyingine haikuwa na maneno, ni pumzi tu, na chombo cha hospitali kinalia mbali. "Mama, kama nimekukosea, niambie." Kisha sauti ya uchovu: "Ni wa kike. Ana paji la uso la baba. Waliniuliza jina, nikawaambia subirini kidogo, nitamwuliza mama. Wamesubiri wamechoka. Nimemwandikisha langu tu."

Ya mwisho ilikuwa ya mtoto mchanga mwenyewe. Alikuwa analia kwa nguvu zote, amekasirika vizuri. Fundi akaitaka tena. Wakairudia mpaka ikawafanya wacheke, wakiwa wanalia.

"Mpigie," fundi akasema.

"Nitampigia. Ngoja nipate sauti." Msusi akavaa kile kitambaa alichokipiga pasi, akakivua, akakivaa tena. Halafu akabaki na simu mapajani.

"Unajua nawaza nini? Nilimlaani aliyekata. Nilimlaani kwa moyo wote. Halafu ukaja wewe ukalia pale uani, nikamsamehe, na nilimsamehe kwelikweli." Akamgeukia mumewe. "Sasa baba watoto, na wewe huna kosa. Hii samahani nimpe nani?"

Fundi Koki akafikiri. Alikuwa mtu wa kupenda kila kitu kiishie kwenye koki yake, bila kuvuja.

"Iweke," akasema. "Mwenyewe atakuja kuiomba. Mimi si nilikwenda?"

Msusi akaiweka. Mlango wao hauna kengele, lakini ni wa bati, ukiguswa tu unasikika mpaka uani. Mpaka leo hakuna aliyepiga hodi.